Kwamba Jinja Hakuna Sukari

Jumapili, 7 Septemba 1975

Ngege wa Wanyange leo, samaki wa ziwani wanene, wa mafuta. Nimewakaanga mwenyewe. Nasema wazi, maana hapa hakuna wa kunibishia: mtaa mzima wa Walukuba hakuna mwanamke anayekaanga ngege akatoka hivi. Baba Nekesa alikula kimya, ametoka zamu ya usiku kiwandani na macho mekundu. Lakini sahani ilibaki miiba mitupu. Kwangu hiyo ni sifa.

Nekesa hakula sana. Kesho anarudi chuoni Mbale. Amebakiza muhula huu tu. Mwanangu mwalimu wa Kiingereza. Wa kwanza katika safu yetu ya nyumba, na safu ya nyuma pia, nimeulizia.

Jioni akapika yeye. Malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, na karanga za kusaga. Akasema, "Maayi huyaloweka kwanza usiku kucha."

Maayi ndiye Mwalimu Nambozo. Anafundisha Kiingereza pale chuoni, na Nekesa anakaa kwake tangu mwaka jana. Mjane. Hana mtoto.

Maayi ni neno la kwetu. Mimi Mbukusu wa Bungoma, nilimwita mama yangu maayi mpaka siku tulipomzika. Wagisu wa Mbale nao wanasema hivyo hivyo. Lakini Nekesa nilimlea hapa Walukuba kwa Kiswahili, apate kucheza na mtoto wa Msoga na wa Mjaluo na wa Mnubi. Kwa hiyo mimi ni Mama, kama mama wa mtu yeyote barabarani. Na huyo mwanamke wa Mbale amepewa neno la mama yangu.

Malewa yalikuwa matamu. Nilisema yamezidi chumvi.

Jumatatu, 8 Septemba

Chai kavu asubuhi. Nikasema, Jinja hii jamani, miwa imetuzunguka mpaka kando ya barabara, na sukari hakuna.

Nekesa akacheka. Akasema, "Mama, sema tena." Akatoa kalamu.

Ndilo somo lake. Muhula huu atafundisha watoto mbele ya mkaguzi, na akifaulu hapo ndipo anakuwa mwalimu. Amepangiwa usemi wa taarifa. Unachukua neno la mtu unalipeleka kwa mwingine. Kwanza unamtaja msemaji. Kisha kitenzi: alisema, alidai, alijisifu, alilalamika. Kisha kwamba. Na hapo ndipo watoto wanapokwama, anasema, kwa sababu Kiingereza kinaruhusu baada ya kwamba uweke kwanza mahali au wakati, kabla hujalifikia jambo lenyewe. Alisema kwamba katika Jinja. Alisema kwamba baada ya mvua. Watoto wanaogopa. Wanaona sentensi imepoteza njia.

Nikamwambia haijapoteza njia. Mgeni unamkaribisha kwanza, unampa kiti, ndipo unamweleza habari. Akaliandika. Akasema hata Mwalimu Nambozo hajalieleza vizuri hivyo.

Nimetembea na maneno hayo siku nzima kama mtu aliyevaa gauni jipya.

Kituoni alipanda basi haraka. Hakugeuka. Nadhani jua lilikuwa machoni mwake.

Jumamosi, 13 Septemba

Baba Nekesa ameleta sukari ya mgao kutoka duka la wafanyakazi. Ya halali, kila mfanyakazi anapata, ila siku yenyewe haijulikani. Nimeifunga kwa kitambaa nikaiweka ndani ya chungu, chungu chini ya kitanda. Nimemwambia tutaendelea na chai kavu. Akauliza kwa nini. Nikasema nina kazi nayo.

Mama Zubeda jirani amekuja jioni. Amefunga, Ramadhani imeanza wiki hii. Akaomba kijiko cha sukari tu cha uji wa kufuturu. Nikasema sina. Tumeishi ukuta kwa ukuta tangu Nekesa anatambaa, na nimemtazama usoni nikasema sina.

Sijisikii vizuri. Lakini sukari ni ya Mbale.

Alhamisi, 18 Septemba

Barua ya Nekesa. Nimeisoma mara nyingi na kila mara inazidi kuniudhi.

Maayi anasema kwamba katika kufundisha, mwalimu asitunge watu hewani. Maayi anasema kwamba kwa kila somo uchague mtu mmoja unayemjua sana, umtie katika sentensi zote, watoto wamshike kama jirani yao. Wao chuoni wanamwita mtu wa sentensi. Mwenzake amemchukua baba yake mchinjaji. Mwingine padri wa kijijini kwao. Yeye ameshampata wake, hasemi nani. Maayi anasema kwamba kwa baridi ya Mbale anunue sweta, na maayi amemfumia moja.

Amemfumia.

Mimi sijui kufuma. Najua kushona, na nashona vizuri, nguo ya ekaristi ya kwanza ya Nekesa ilitazamwa na kanisa zima. Lakini hakuna anayeshona sweta.

Najua mtu wa sentensi ni nani. Hata mjinga angejua: ni huyo maayi wake.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa nimemngoja mwalimu mkuu wa shule ya mtaani kwetu. Amesema kwamba Januari atahitaji mwalimu wa Kiingereza. Amesema kwamba mtoto aliyelelewa Walukuba atafaa kuliko mgeni. Nikamshika mkono kwa mikono miwili.

Njiani nimewaambia wote. Muuza mkaa, mama wa maandazi asiye na maandazi, wanawake wa bombani. Nekesa anarudi. Atakuwa anatoka mlangoni kwangu na vitabu, saa sita anakuja kula kwangu. Nikawaonyesha na kona atakayopinda.

Mama wa maandazi akasema, "Na ukimkosa je, akipata bwana hukohuko Mbale?"

Nikamwambia bwana atahamia Jinja. Wakacheka wote, na mimi nikacheka zaidi.

Jumapili, 28 Septemba

Barua nyingine. Fupi. Mwalimu Nambozo amemwombea nafasi katika shule ya wasichana ya Mbale, karibu na kwake. Nekesa anauliza nitaonaje.

Nitaonaje.

Sikula. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Mwanamke asiyejua uchungu wa kuzaa. Hakukesha na mtoto mwenye homa ya surua hadi asubuhi. Hakuuza khanga zake mbili za harusi apate karo ya kidato cha kwanza. Amengoja mti upandwe, upaliliwe, uzae, ndipo anakuja na kikapu. Na kikapu chenyewe ni sweta.

Nimemwambia Baba Nekesa. Akasema, "Si mtoto anapendwa? Ungetaka achukiwe?" Wanaume.

Barua inasema mkaguzi anakuja tarehe kumi na tano Oktoba. Mzazi hakualikwa. Nitakwenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Idi. Mama Zubeda ameniletea sahani ya pilau imefunikwa kitambaa. Amesema tu, kula, jirani.

Nimekula. Kila tonge lilikuwa na kijiko cha sukari ndani yake.

Mwanamume wa safu ya nyuma bado hajarudi. Yule aliyesema dukani kwamba mbele ya foleni chumvi imeisha lakini kwa mlango wa nyuma inatoka. Mtu alilipeleka neno lake. Gari la askari likaja likamchukua. Mkewe anapika kila siku sahani ya mumewe na kuiweka. Hatumwulizi.

Jumanne, 14 Oktoba

Mbale. Naandika kwenye kitanda cha Nekesa, yeye amekwenda kuchota maji.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alinusa kitambaa cha sukari. Nikamwonyesha kadi ya kiwanda ya Baba Nekesa, nikamwambia ni mgao wetu, nampelekea binti anayesoma ualimu. Akasema, "Haya mama, pita." Nikatabasamu kama bibi harusi.

Nyumba ya Mwalimu ni ndogo, chini kabisa ya mlima Wanale. Safi. Nilitafuta vumbi, sikulipata. Yeye mwenyewe ni mwembamba, mvi mbele, miwani yenye waya. Nilimtegemea mwanamke wa madaha. Akanipokea kwa Kigisu, nikajibu kwa Kibukusu, tukaelewana kila neno. Hilo nalo liliniudhi.

Nikaiweka sukari mezani. Nikafungua kitambaa ili ionekane. Nikasema, kwetu Jinja hii hatuikosi.

Nekesa akanitazama.

Mwalimu akashika kinywa. Alisema hajaiona tangu Julai. Alipomimina chai, yake akaiacha kavu, akamtilia Nekesa vijiko viwili. Hakuonyesha. Alifanya kama mtu anayefunga kifungo cha nguo.

Na mimi nilikuwa nimeshika kijiko nataka kumtilia Nekesa. Nikakirudisha.

Sweta ni la kijani. Linamkaa vizuri.

Jumatano, 15 Oktoba

Nitaandika yote.

Darasa ni la shule ya mazoezi iliyo karibu na chuo, watoto wa darasa la sita. Nilikaa nyuma kwenye benchi la watoto, magoti juu. Mwalimu Nambozo alikaa dirishani. Mkaguzi ni kijana wa tai nyembamba. Amekuja na afande, kwa sababu gari lake halina mafuta, kapewa lifti ya jeshi, na gari la jeshi haliendi bila afande. Akaletewa kiti. Akaweka fimbo yake juu ya magoti.

Nekesa akaanza. Jamani mwanangu. Sauti haikupanda wala kushuka mahali pasipotakiwa. Aliandika vitenzi vyake vya kuarifu mstari mmoja, alisema, aliamini, alijisifu, alilalamika, na watoto wakavisoma pamoja. Mimi pia nilifika darasa la sita, Bungoma, nikawa nasoma nao chinichini.

Kisha mtu wa sentensi. Akaandika: Mama yangu.

Kiingereza hicho nakijua. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mbele ya mkaguzi. Mbele yangu.

Mama yangu anaamini kwamba bila vitabu msichana hafiki mbali. Nikamtazama Mwalimu pale dirishani, ametulia na miwani yake. Nikasema moyoni, haya, mchukue basi, mchukue na nguo zake.

Mama yangu anajisifu kwamba kwa mkono wake mwenyewe alishona gauni lililotazamwa na kanisa zima.

Nikasoma tena. Nikafuata neno kwa neno kwa kidole gotini.

Mama yangu anajisifu kwamba katika Walukuba hakuna anayekaanga samaki kama yeye.

Ni mimi. Ubao mzima ni mimi. Watoto wa Mbale wasionijua walikuwa wanasema maneno yangu kwa Kiingereza kwa sauti moja, na wanacheka, na wananipenda. Mtoto mmoja alisema, "Huyo mama ana maneno." Nikaficha uso kwa leso.

Sijawahi kupewa kitu kama kile. Lakini sikukaa nacho hata kidogo.

Mama yangu alilalamika kwamba katika Jinja hakuna sukari.

Watoto walicheka sana, kila mmoja anajua chai ya kwao ilivyo. Afande hakucheka. Alikuwa amesinzia na Kiingereza, lakini sukari kwa Kiingereza anaijua. Akasimama. Akaenda ubaoni akagonga neno lile kwa fimbo.

"Wewe mwalimu. Hapa nani nasema sukari hakuna?"

Nekesa akasema ni mfano tu, afande, ni sentensi ya somo.

"Nauliza mtu. Mimi naona hapa mama. Mama gani huyu? Iko wapi?"

Mkaguzi aliangalia viatu vyake. Macho ya Nekesa yalinijia, kisha akayaondoa haraka yasinionyeshe. Nikafikiri juu ya ile sahani inayopikwa kila siku safu ya nyuma.

Mwalimu Nambozo akasimama pale dirishani. Akavua miwani. Akasema polepole kwa Kiswahili chake cha mlimani, "Ni mimi, afande. Mama yake ni mimi. Maneno ni yangu."

Angesema kitu kingine chochote ningekaa. Mungu anaona, ningekaa. Nilikuwa na hofu ya kutosha kunikalisha mpaka leo. Angesema, nilimwamuru aandike. Angesema, adhabu ni yangu. Lakini alisema, mama yake ni mimi. Na aliyasema vizuri.

Nikajikuta nimesimama. Benchi likaanguka nyuma yangu.

Nikasema, "Mwongo huyo, afande. Mama yake ni mimi. Mimi ndiye nilisema. Huyo hata kulalamika hajui."

Watoto wakageuka wote. Afande naye. Akatuangalia, huyu, kisha huyu.

"Mtoto moja, mama mbili?"

Mwalimu hakungoja nijibu. Alisema, "Huyo ni dada yangu mkubwa, afande. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wangu. Sote ni mama zake. Hakuna aliyedanganya."

Ni kweli, kwetu ndivyo. Dada wa mama ni mama, hakuna neno lingine. Hata afande lazima kwao ni hivyo, maana aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la nyumbani. Lakini akaniuliza mimi. "Kweli? Huyu dada yako?"

Kukubali ya sukari kulikuwa kwepesi. Hili lilikuwa zito. Nilimwangalia yule mwanamke aliyevua miwani, haoni vizuri, amekodoa macho kuelekea upande wangu, hajui kama nitamwokoa au nitamwangusha.

Nikasema, "Ndiyo. Mdogo wangu."

"Na sukari? Jinja iko ama hakuna?"

Nikasema siku ile haikuwepo, afande, leo ipo, nimewaletea, iko nyumbani kwa mdogo wangu. Najua sasa kwamba ulikuwa ujinga. Mtu anaulizwa kosa anatoa na sukari. Lakini hata pale sikutaka ijulikane kwamba tumeikosa.

Akacheka. Akamwambia Nekesa afute, aandike ya kweli. Nekesa akafuta kwa kiganja. Akaandika: Mama yangu anasema kwamba katika Jinja sukari ipo. Watoto wakasoma pamoja, bila kucheka. Mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kisha afande akaja na dereva wake kwa Mwalimu kunywa chai. Alitia sukari mpaka kijiko kikasimama. Sisi tulikaa ukutani watatu. Alipomaliza akafunga kitambaa changu na kila kilichomo akakitia mfukoni mwa koti. Akasema, "Akina mama, musilalamike." Akaondoka.

Tukasikiliza gari mpaka lilipovuka daraja.

Nekesa alitapika nje, kando ya migomba. Nilimshika paji la uso. Mwalimu alimletea maji. Alikunywa kwenye mkono wa Mwalimu huku kichwa kipo kwangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Asubuhi jikoni, mimi na Mwalimu. Nekesa amelala bado.

Alikuwa anapepeta mchele. Akaniuliza bila kuinua uso, "Dada, ulisimama kwa nini? Ningekwenda mimi. Wewe una mume, una nyumba. Mimi ningeacha kuku wawili."

Nikamwambia, "Ulisema wewe ndiye mama."

"Nilisema alichotaka kusikia."

"Ulikisema vizuri mno."

Aliacha kupepeta. Nilidhani atakasirika. Akacheka mpaka akakalia kinu, na mimi nikashindwa, nikacheka, tukafuta machozi kila mtu upande wake.

Lakini nikiwa peke yangu naandika lililo kweli. Yeye alisimama kwanza. Kabla yangu. Mtoto ni wangu, maneno ni yangu, na aliyesimama kwanza ni yeye. Aliinuka kwa sababu ya Nekesa. Mimi niliinuka kwa sababu yake yeye. Hilo linanichoma kuliko sweta, kuliko malewa, kuliko maayi. Ningependa kumnyang'anya hiyo dakika, na hainyang'anyiki.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimerudi Walukuba. Nekesa amefaulu. Mkaguzi hakuandika habari ya afande hata neno moja, ameandika kwamba sentensi zilikuwa hai.

Jana jioni aliniuliza, tukiwa tunakunja nguo zangu. "Mama, nikibaki Mbale utakasirika?"

Nikasema nitakasirika.

Nikakunja gauni, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nikasema, "Baki."

Akaweka kichwa begani kwangu, mkubwa vile, mwalimu. Akaniita maayi. Nikamwambia aache, asinichanganyie majina, mimi ni Mama, ubao mzima umeandikwa hivyo.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikuenda misa ya kwanza, nikaenda ya pili, nisikutane na mwalimu mkuu. Nimekutana naye. Nimemweleza. Amesema kwamba kwa bahati mbaya itabidi atafute mwingine. Anavyotoa kiti kabla ya habari, huyu pia angefaulu kwa Nekesa.

Wanawake wa bombani hawajui bado. Kona niliyowaonyesha naipita nikiangalia upande mwingine.

Wivu bado upo. Nilidhani nimeuacha Mbale, lakini asubuhi nimeamka nao, na nikafikiri, saa hizi wanakunywa chai. Kavu, lakini wawili.

Jumamosi, 22 Novemba

Mawingu tangu mchana. Tulikuwa nyuma ya nyumba tunaanua nguo, mimi na Mama Zubeda, kamba moja, yeye upande wake, mimi wangu.

Akaniuliza kama ni kweli anachosikia, kwamba Nekesa harudi.

Nikasema ni kweli. Nikasema kwamba huko Mbale nina dada, amebaki kwake.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na kibanio mdomoni na lilitoka hivyo.

Mama Zubeda akasimamisha mikono. Alisema, "Miaka yote hii hujawahi kuniambia una dada."

Nikasema ninaye. Anaitwa Nambozo. Mwalimu.

"Mkubwa nani kati yenu?"

"Mimi," nikasema.

Akatikisa kichwa, akanishikia pembe ya shuka tukaikunja pamoja. Mvua ilikuwa imeshafika ziwani, tunaisikia. Tukaingiza nguo ndani, zake kwake na zangu kwangu.